Miguu Sita ya Shangazi

SEHEMU YA TISA

Tulipoachana Jumamosi iliyopita, msomaji wangu, moto ulikuwa umeshawaka.

"Kata!" alisema Kaka Dalali.

Bwana Vyuma, mnunuzi wa vyuma chakavu, akashusha miwani yake myeusi, akausogeza moto wa gesi kwenye bampa la lori. Chini ya lori hilohilo, chali kwenye gunia, alikuwa amelala Jeki, fundi wa matairi, binti wa marehemu.

"Ukikata bampa unanikata na mimi!" alifoka Jeki.

Bwana Vyuma akazima moto. "Mimi nakata vyuma tu, bosi. Watu sikati. Mnaniambia nije nikate Shangazi, nafika nakuta na mpwa wake yuko chini!"

Kama wewe ndiyo kwanza unaingia, usihangaike, habari yenyewe ni fupi. Marehemu aliacha lori moja, na lori hilo jina lake ni Shangazi. Aliliita hivyo kwa sababu, kwa maneno yake, lilikuja nyumbani bila taarifa, likawa linakula kuliko wote, na halikuondoka tena. Watoto wake wawili walikua wakiliamkia kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Asiyeliamkia alikwenda kwa miguu.

Wosia wake aliuandika nyuma ya kalenda ya ukutani. "Shangazi apewe mwanangu atakayeonyesha miguu yake yote sita aliyozaliwa nayo. Asipopatikana wa kuionyesha, auzwe." Chini yake akaweka dole gumba lenye grisi.

Msimamizi wa wosia alikuwa Baba Mdogo, ndugu wa marehemu, karani mstaafu aliyepiga mihuri ofisini miaka thelathini. Mshahara uliisha, muhuri akabaki nao. Hata leo alikuwa nao mfukoni mwa shati, na kidau chake cha wino.

"Haya, toka chini huko, mwanangu," Baba Mdogo alimwambia Jeki. "Leo ndiyo leo. Ikifika saa sita kamili mchana nafunga jalada. Sasa ni saa nne na robo."

Jeki akatoka, mgongo wote vumbi. Hakulala pale kwa kutafuta sifa. Alijifunza kusoma kwa herufi za ubavuni mwa matairi ya lori lile, akapata jina lake kwa kulinyanyua na jeki akiwa darasa la tano. Na tangu baba afariki, kila alipoliwasha alfajiri lilikohoa mara tatu kabla ya kushika, vilevile kama mzee alivyokuwa akikohoa akiamka. Likikatwa, hicho kikohozi hatakisikia tena. Alikitaka, basi.

Kaka yake alitaka ofisi. Ofisi yenye kiyoyozi, kiti cha kuzunguka, na kibao mlangoni kilichoandikwa Dalali Mkuu. Alikuja amevaa suti na viatu vyeusi vinavyong'aa mpaka kuku wakajiona.

"Tusipotezeane muda," alisema, akigonga kisigino kwenye jiwe. "Mnaona viatu hivi? Mwaka wa kumi na mbili huu navivaa, ngozi ya juu nimebadilisha mara mbili, soli haijui kuisha. Hivyo ndivyo vitu vya dukani! Mimi najua kitu orijino nikikiona. Miguu sita ya Shangazi hii hapa. Mbele miwili, nyuma minne. Nimeionyesha. Lori langu, nami naliuza."

"Hiyo miguu ni ya bandia," alisema Jeki.

"Nani kasema?"

"Yenyewe inasema." Jeki akachuchumaa penye gurudumu la mbele, akafuta tope ubavuni kwa kidole. "Baba Mdogo, njoo usome. Tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu."

"Moja, moja, moja, tisa."

"Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi hili lilitoka kiwandani wiki ya kumi na moja, mwaka elfu mbili kumi na tisa. Sasa soma kibati cha mlangoni."

Baba Mdogo akafungua mlango, akavaa miwani. "Mwezi wa kumi, elfu mbili na tisa."

"Mtu azaliwe leo, halafu mguu wake umfuate baada ya miaka kumi?"

"Hapo pana neno," alikubali Bwana Vyuma, ambaye hakuna aliyemuuliza.

Kaka akacheka. "Dada yangu, mafuta ya breki yamekupanda kichwani. Hiyo ni tarehe! Mwezi wa kumi na moja, tarehe kumi na tisa. Siku Shangazi alipoingia hapa nyumbani!"

Baba Mdogo akafungua daftari lake, akalamba kidole, akafunua. Uso ukambadilika.

"Ni kweli," alisema taratibu. "Aliingia tarehe kumi na tisa, mwezi wa kumi na moja. Geti nilifungua mimi."

Bwana Vyuma akakiokota kiberiti.

Jeki akakimbilia magurudumu ya nyuma. Akafuta tope kwa kiwiko, kwa kanga, kwa kila alichokuwa nacho. "Na hili? Nne, mbili, moja, saba! Kaka, huo ni mwezi wa arobaini na mbili?"

Kaka hakupepesa hata jicho. "Kiwandani wana kalenda yao."

Baba Mdogo akaandika: Mwezi wa 42, unachunguzwa. Akapiga muhuri. Kisha akakaa akiutazama ukurasa, midomo ikimchezacheza kama mtu anayefanya hesabu.

"Hapana," alisema mwisho. "Nimefanya kazi miaka thelathini. Ungekuwepo mwezi wa arobaini na mbili, ningelipwa mshahara wake. Matairi haya si ya kuzaliwa."

"Rimu ni zake," Jeki alisema haraka. "Nimetoka kuzifuta grisi kwa ndani, zote sita zina muhuri wa mwaka wa tisa. Ukaguzi huo umekwisha. Zimekosa matairi yake tu."

"Basi vizuri sana!" Kaka akapiga makofi. Mtu angedhani ameshinda, na kwa kweli alikuwa ameshinda. "Mimi sikuonyesha, na yeye hakuonyesha. Matairi yaliyokuja na lori la mwaka wa tisa yalishakuwa moshi zamani. Kalenda inasemaje? Asipopatikana, auzwe!"

Baba Mdogo akaisoma kalenda mbele na nyuma. "Ndivyo ilivyoandikwa."

Moto ukawaka tena. Bampa likaanza kubadilika rangi.

"Mnatafuta nini tangu asubuhi?" Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa Mama, mjane wa marehemu, amebeba beseni la nguo, na kwa sura yake alikuwa amechoshwa na kelele.

"Matairi ya kwanza ya Shangazi, Mama," alisema Jeki kwa unyonge.

"Ndiyo mnataka kuuana? Si hayo mnayakalia miaka yote!"

Hata gesi ilipunguza sauti.

"Baba yenu aliyavua siku ya pili tu," Mama aliendelea, akianika shati. "Akasema matairi mazuri hivi hayawezi kukanyagishwa barabara mbovu. Akaenda kununua yaliyotumika, akamvisha Shangazi. Nikamwambia, mume wangu, una wazimu. Akanijibu, wazimu ni kuvaa nguo za sikukuu kuchimbia choo. Mkubwa, kile kigoda cha sebuleni unachokikalia ukija kula, ulidhani ndani kina nini?"

Jeki na kaka yake wakatazamana. Halafu wote wawili wakatimua mbio kuingia ndani.

Kaka alitangulia. Akajitupa kwenye kigoda chenye kitambaa cha maua, akashika pande zote mbili kwa mikono.

"Nimekaa! Mtu aliyekaa haondolewi!"

"Mbebeni nacho," alisema Baba Mdogo.

Wakambeba nacho. Baba Mdogo upande huu, Bwana Vyuma upande ule, suti juu yake ikipiga mateke, mpaka uani. Jeki akachana kitambaa kwa bisibisi. Tairi! Jeusi, limejaa, vinyweleo vya kiwandani bado vimesimama. Akaizungusha shingo akisaka kiduara.

"Tatu, tano, sifuri, tisa!" Sauti ilimpasuka. "Wiki ya thelathini na tano, mwaka wa tisa! Mwisho wa mwezi wa nane! Lori mwezi wa kumi, tairi lake wiki chache kabla. Ndivyo yanavyokuwa ya kuzaliwa!"

Baba Mdogo akapiga muhuri. "Mguu wa kwanza."

Mguu wa pili ulikuwa umezunguka maua ya Mama, umepakwa chokaa nyeupe. Jeki akayang'oa maua huku akiomba radhi kwa kila ua. Mguu wa tatu ulilala chini ya pipa la maji. Mguu wa nne ulikuwa chumbani, chini ya kitanda alicholalia Kaka alipokuwa mdogo, upande ambao tendegu lilivunjika.

"Na mimi nimelalia tairi miaka yote hiyo?" Kaka aliuliza.

"Ulikuwa unaruka sana," alijibu Mama.

Mguu wa tano ulikuwa hori la bata. Bata hawakutaka kuutoa. Jeki akaukamata, bata wakamkamata Jeki, hori likapinduka, maji yakamwagika uani kote yakawa tope. Kaka, katika kuwakwepa bata, akarukaruka juu ya tope hilo kama mtu anayecheza ngoma asiyoijua. Lakini kiduara kilionekana. Tatu, tano, sifuri, tisa. Muhuri ukapigwa.

"Mitano!" Jeki aliyapanga matairi kando ya Shangazi, akihema. "Mama, na la sita?"

Mama akashusha beseni. "La sita ndilo lililomliza baba yenu. Lilichanwa na jiwe safari ya kwanza kabisa, kabla hajayavua. Akashindwa kulitupa. Akalikata viatu."

"Viatu?"

"Viatu. Hivi vyangu. Na vile vya shemeji."

Wote wakainamisha vichwa kutazama miguu ya Baba Mdogo. Amevaa ndiyo, viatu vya tairi, vizito, mikanda minne ya mpira. Mwamuzi alikuwa ameuvaa ushahidi tangu saa nne asubuhi!

Baba Mdogo akarudi nyuma hatua mbili. "Mimi ni msimamizi wa wosia. Siwezi kuwa msimamizi nikawa na kielelezo."

"Vua, Baba Mdogo."

"Si heshima."

"Baba Mdogo, shikamoo. Tafadhali vua."

Akavua. Akasimama peku, vidole vikijificha kimoja nyuma ya kingine, akavikagua viatu vyake mwenyewe kwa miwani. Akavipindua. Akakagua na vya shemeji yake.

"Michoro ya tairi ipo," alisema. "Namba haipo."

"Hivi ni vya sehemu inayokanyaga barabara," alisema Jeki. "Namba huwa ubavuni, na huandikwa ubavu mmoja tu. Mama, ubavu aliufanyia nini?"

"Ubavu ni mwembamba, haufai kwa viatu vya shamba. Alishonea kitu kingine." Mama akajaribu kukumbuka, akashindwa. "Ni zamani, mwanangu."

"Bila namba, mtu yeyote angeniletea viatu vya sokoni akasema ni vya Shangazi," alisema Baba Mdogo, na sauti yake ilikuwa ya huzuni ya kweli. "Mguu uliokatwa vipande bado ni mguu, hilo nalikubali. Lakini lazima nione namba. Sita kamili, kabla ya saa sita kamili. Zimebaki dakika kumi na moja."

Kaka akainyoosha tai. "Bwana Vyuma, washa."

Jeki akakaa chini, palepale penye tope. Hakuwa na mbio tena. Alilia, na wala hakujificha. Alimlilia baba, akalilia kile kikohozi cha alfajiri, akayalilia na maua ya mama yake aliyoyang'oa. Ofisi gani hiyo duniani inayojengwa kwa kumkata Shangazi?

Akafuta machozi kwa mgongo wa mkono. Na alipofungua macho, mbele ya goti lake, kwenye tope, akaona kiduara kirefu.

Ndani ya kiduara kulikuwa na tarakimu.

"Baba Mdogo," alinong'ona. "Njoo. Usikanyage hapa!"

Mzee akaja peku, akainama. "Tisa... sifuri... tano... tatu. Na zimegeuka mgongo. Wiki ya tisini, mwaka wa hamsini na tatu?"

Kaka akaangua kicheko. "Wiki ya tisini! Mwaka una wiki ngapi kwenu? Huo hata babu yake Shangazi alikuwa hajazaliwa!"

Lakini Baba Mdogo hakucheka. Akatoa muhuri wake mfukoni. Akaupindua, akautazama uso. Akaitazama alama kwenye daftari. Akautazama tena uso wa muhuri. Miaka thelathini ya kazi ilikuwa inampanda kichwani yote kwa mara moja.

"Ala!" alisema. "Huu ni muhuri! Muhuri ukisomeka vizuri wenyewe, alama yake husomeka kinyume! Tatu, tano, sifuri, tisa! Namba imepita hapa, watoto! Imetembea!"

Jeki akafuata alama. Moja hapa, nyingine hatua mbili mbele, nyingine pale bata walipokuwa wanadonoa. Kila baada ya hatua mbili, kiduara. Zikazunguka hori, zikapita kwenye kamba ya nguo, zikaishia kwenye jozi ya viatu vyeusi vinavyong'aa.

Kicheko cha Kaka kikakatikia njiani.

"Mnaniangalia nini?"

Beseni likamwanguka Mama. "Yarabi! Nimekumbuka!"

"Umekumbuka nini, Mama?"

"Siku unaondoka kwenda kutafuta kazi. Ulikuwa na jozi moja tu, soli zimetoboka, unaweka karatasi ndani ili watu wasijue. Baba yako akazichukua, akasema anakwenda kukupigia rangi. Alikaa nazo uani kutwa nzima. Nikamwona ameshika ule ubavu wa tairi, anapima, anakata, anashona. Nikamuuliza, mbona unaukata, si ulisema hutaugusa? Akasema..." Mama akaitazama miguu ya mwanawe. "Akasema, huyu anakwenda mbali kuliko Shangazi."

Bwana Vyuma akazima moto mwenyewe, akavua miwani.

Kaka alikuwa akivitazama viatu vyake. Miaka kumi na miwili amevisifia mbele za watu. Maofisini, kwenye minada, kwenye harusi za wenye nazo, amegonga visigino hivyo na kusema hivi ndivyo vitu vya dukani. Machozi yakamlenga.

"Mimi nilijua alimpenda Shangazi kuliko mimi," alisema kwa sauti ndogo ambayo Jeki hakuwa ameisikia tangu walipokuwa wanalala chumba kimoja.

"Kaka," Jeki akamsogelea, naye machozi yakimtoka upya. "Tuonyeshe tu. Tuonyeshe, halafu tuliwashe wote wawili. Utamsikia anavyokohoa."

"Saa sita kasoro dakika mbili," alisema Baba Mdogo taratibu, muhuri mkononi, wino tayari. "Inua mguu, mwanangu."

Kaka akauinua wa kushoto. Tope likadondoka. Soli nyeusi, mshono wa mkono, ulionyooka kwa upendo wote wa mzee. Kiduara hakipo.

"Wa kulia," alisema Baba Mdogo.

Kaka akamtazama dada yake. Akalitazama lori. Akamtazama Bwana Vyuma, kisha geti, ambalo lilikuwa wazi.

Akauinua wa kulia.

Akauinua na wa kushoto. Kisha wa kulia tena, wa kushoto tena, haraka zaidi na zaidi, suti ikipepea, bata wakiruka pande zote, na kabla Jeki hajafumba mdomo, mguu wa sita wa Shangazi ulikuwa umeshatoka getini kwa mbio.

Alikuwa akilia huku anakimbia. Kwamba alikimbia ili lori liuzwe, au alikimbia asionekane akilia, hilo pale uani hakuna aliyeweza kulisema.

Baba Mdogo, peku, akaitazama saa yake.

"Dakika moja," alisema.